Barua kwa mwanangu: kuhusu mita ya koridoni

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya tatu nilizima redio na kukaa kwenye ngazi za nyuma ili nisikie vizuri. Unauliza kama uhame hapo Tabata, ulipo na wapangaji wengine watano kwenye mita moja ya umeme, unapochangia 15,000 kila mwezi, uende kile chumba na sebule cha Kinyerezi chenye LUKU yake, mita ya kununua umeme kabla ya kuutumia. Kodi itapanda kutoka 80,000 hadi 110,000, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita mkononi. Nimekuelewa. Ila kuna neno ulilisema mwishoni, kwa haraka, kama mtu anayefunga mlango: kwamba juzi kwenye kikao cha wapangaji wamesema watoto wako hawazimi taa.

Hilo ndilo limeninyima usingizi, mama. Kodi tutaizungumza.

Unaikumbuka nyumba ya Manzese. Baba yenu alikuwa ameshaondoka, wewe uko darasa la saba, mdogo wako ndiyo kwanza ameanza shule. Ulikuwa mwaka 2006, mwaka wa mgao. Mvua zilikosekana, maji ya Mtera, bwawa la kuzalishia umeme, yakashuka, umeme ukawa unakatika asubuhi na kurudi usiku. Mimi nilikuwa nashona sare kwa ile cherehani ya kukanyaga, kwa hiyo kushona hakukunisumbua. Tatizo lilikuwa pasi. Sare haiuziki bila kupigwa pasi, na pasi ilisubiri umeme urudi. Nikawa napiga pasi saa tano usiku, saa sita, wakati wengine wamelala.

Mita ilikuwa koridoni, juu ya mlango wa mwenye nyumba, na chini yake karatasi yenye majina yetu sita. Kila Jumamosi tulichanga elfu mbili mbili, anayelipa anawekewa alama. Awali umeme ulifika Jumamosi nyingine. Halafu ukaanza kuisha Alhamisi, kisha Jumatano. Na siku moja tukaitwa uani.

Kile kikao ninakikumbuka neno kwa neno, ila sitakuandikia yote. Mwenye nyumba alisema kuna mtu humu anafanya biashara kwa umeme wa wenzake. Hakunitaja jina. Hakuwa na haja, maana wote waligeuka kuniangalia. Ikaamuliwa nilipe mara mbili. Na kwa haki, mwanangu, hawakuwa wamekosea kabisa. Pasi yangu ilikuwa ya wati 1,000, ukiiwasha saa nzima inakula karibu uniti nzima, na kuna usiku niliiwasha kwa muda wa saa mbili. Hilo nalikubali leo na nililikubali siku ile. Nikalipa mara mbili bila kubisha.

Wiki ile ile nikaazima pasi ya mkaa kwa bibi yako, ile yenye jogoo mbele. Unakumbuka ulivyokuwa ukiipepea kwa mfuniko wa sufuria, cheche zinaruka, na ile shati nyeupe tuliyoitoboa kolani nikaishona upya kwa fedha yangu. Pasi ya umeme nikaifunga kwenye kanga na kuisukuma uvunguni. Na bado umeme ukaisha Jumatano.

Hapo ndipo waliposema ni taa. "Chumba cha yule taa inawaka mpaka saa sita." Ilikuwa kweli, kwa sababu wewe ulikuwa unasoma kwa ajili ya mtihani. Ninaandika hili taratibu. Nilipanda juu ya kigoda, nikashika globu kwa pindo la kanga maana ilikuwa bado ya moto, nikaizungusha, nikaitoa, nikaificha kwenye kopo la vifungo. Nikakuwashia koroboi. Ulisoma kwa koroboi wiki tatu. Asubuhi matundu ya pua yako yalikuwa meusi kwa moshi, na nywele za mbele zilinuka kuungua kwa sababu ulikuwa ukiinamia utambi. Hukulalamika hata siku moja. Ungelalamika ingekuwa nafuu.

Na bado umeme ukaisha Jumatano.

Yule fundi umeme aliyekuwa akikaa chumba cha mwisho, asiyependa vikao, ndiye aliyenifundisha. Aliniambia: mama, mwanga unaonja tu, wanaokula ni moto na baridi. Tangu siku ile nimelishika neno hilo na umelisikia kwangu mpaka umelichoka, lakini nitalirudia mpaka nife. Globu yako ilikuwa ya wati 60. Ukisoma kwa muda wa saa tatu, ni uniti 0.18. Siku sita ukisoma mfululizo ndiyo unafikisha uniti moja, sawa na pasi ya saa moja. Akaniambia tena: nenda usiku, wote wakilala, kaangalie ile taa nyekundu ya mita inayopepesa. Ikipepesa haraka, kuna kitu kinakula.

Nilikwenda. Ilikuwa yapata saa nane usiku, umeme umerudi, vyumba vyote giza. Nikasimama koridoni peku, simenti baridi, nikaangalia ile taa nyekundu. Kope, kope, kope. Sikupata hata nafasi ya kuvuta pumzi kati ya moja na nyingine. Na nyuma ya mlango wa mwenye nyumba nikasikia friji linanguruma. Lile friji kuukuu, mpira wake wa mlangoni umechakaa, alilokuwa anagandishia barafu za kuuzia watoto wa shule. Barafu ulizokuwa ukizinunua wewe kwa hela yako ya kula. Likakata. Taa ya mita ikatulia, ikawa inapepesa mara moja moja kama mtu anayesinzia. Nikasubiri. Likawaka tena, na taa ikaanza mbio.

Hili sijawahi kukuambia: sikusema kitu. Kodi nilikuwa nimelipa mpaka Desemba, mtihani wako ulikuwa Septemba, na nilijua nikifungua mdomo tutafungasha virago katikati ya muhula. Nikarudi chumbani, nikaitoa globu kwenye kopo la vifungo, nikairudisha. Halafu nikatundika blanketi dirishani ili mwanga usionekane uani. Ulipouliza asubuhi nikakuambia ni kwa ajili ya mbu. Haikuwa mbu, mwanangu. Ulifanya mtihani wako ukiwa umesoma nyuma ya blanketi, kwa globu ambayo mama yako alikulipia mara mbili na akaificha.

Wakati mwingine najiambia nilifanya vyema, nilinunua utulivu wako kwa kunyamaza kwangu. Wakati mwingine najiambia hapana, wapangaji wengine wanne nao walikuwa wanalipia barafu ile, na ningesema huenda wangesimama nami. Huenda. Yule fundi angesimama. Sijui kwa nini sikumwomba. Au ninajua: mwanamke mwenye watoto wawili na asiye na mume, akisema neno kwenye kikao linaitwa ugomvi. Lile lile likisemwa na baba mwenye nyumba yake, linaitwa hoja.

Basi, tuje kwenye hesabu zako, maana najua unazisubiri.

Nimezipiga kwa kalamu. Taa zako tatu za wati 9, saa tano kwa siku, ni uniti 4 kwa mwezi. Hizo ndizo taa wanazowasemea wajukuu wangu. Uniti nne! Televisheni weka 7 na nusu. Feni la wati 60 likizunguka usiku kucha, saa nane, ni 14. Hapo neno langu la moto na baridi linapungukiwa kidogo, nakubali, kwani feni si moto wala baridi, ila kinachodumu nacho hula. Jagi la kuchemshia maji la wati 2,000 kwa dakika tano tu kwa siku ni uniti 5. Tazama moto unavyokula, dakika tano zimezipita taa tatu za jioni nzima. Pasi ukipiga zote Jumapili kwa mkupuo mmoja, 4. Simu, moja. Jumla ni 36 hivi. Kwa bei ya hapo kwenu, ambapo elfu kumi inatoa uniti 28, ni kama 12,800. Unachanga 15,000. Nilitamani kukuta wanakuibia, nikapiga hesabu mara ya pili, lakini wanakuzidishia elfu mbili na kidogo tu. Lazima niwe mkweli.

Sasa Kinyerezi. Kila kitu kinategemea mita ile iko daraja gani. Mimi hapa Kihonda, Morogoro, niko D1, ya watumiaji wadogo: uniti ni shilingi 122 pamoja na makato yote, mradi nisivuke 75 kwa mwezi. Nikivuka, zinazozidi ni bei nyingine kabisa, na ukizoea kuvuka wanakuhamisha. Ukiwa T1, daraja la watumiaji wa kawaida, ni 356. Usiamini mdomo wa dalali. Mwombe aliyepo sasa, au mwenye nyumba, akuonyeshe risiti ya LUKU ya karibuni. Elfu tano ikitoa uniti 41, ni D1. Ikitoa 14, ni T1. Usiangalie ununuzi wa kwanza wa mwezi, ule unakatwa 1,500 ya kodi ya jengo na utakuchanganya. Na hiyo kodi ni ya mwenye jengo, mwambie mapema aiondoe kwenye pango.

Ukiwa na mita yako unaweza kununua jiko la presha la umeme. Hapo Tabata huwezi, siku utakayoonekana nalo ndiyo siku ya kikao kingine. Mimi nilipolinunua sikuamini, kwa sababu ni moto, na moto hula. Nikaloweka maharage usiku kucha, asubuhi nikasoma mita: 61.3. Nikapika. Yalipoiva, huku nimezima kila kitu kingine, nikasoma: 60.9. Sufuria nzima ya maharage kwa uniti 0.4, hata shilingi hamsini haifiki. Nimelitafakari sana, nadhani ni kwa sababu chungu kimefungwa, joto halina pa kukimbilia, na kikishapata moto kinajizima chenyewe. Kwa mkaa, maharage yale yale yananimalizia kopo zima.

Kwa hiyo weka uniti 30 za kupikia juu ya zile 36, jumla 66, bado hujafika 75. Kwa D1 ni kama 8,000. Ongeza 1,500 ya jengo kama mwenye nyumba atakuwa mgumu, na nusu ya mtungi mdogo wa gesi kwa chapati na uji, 12,000. Jumla 21,500. Sasa hivi, ulivyoniambia, gesi na mkaa vinakula 35,000, na umeme 15,000, yaani 50,000. Unaokoa 28,500. Kodi inapanda 30,000. Tofauti ni shilingi 1,500. Ila ikiwa mita ni T1, umeme peke yake ni 23,500, na utakuwa unatoboka 17,000 kila mwezi. Na jiko lenyewe hatujalinunua, na kodi ya miezi sita ni 660,000 hujaikopa bado.

Unaona? Karatasi inasema baki, au inasema subiri. Nami sitaki kuwa mama anayemwambia binti yake ahame halafu akae mbali Morogoro asilipe hata shilingi. Wewe ndiye unayejua mshahara wako, wewe ndiye unayejua baba yao analeta nini na lini. Labda ukiongea na wenzako hapo mkaweka mita ndogo kwa kila chumba, kila mtu aone anachokula, mambo yatatulia. Fundi anaweza kuzifunga, na kwa wapangaji sita mkichanga si mzigo mkubwa. Hilo ningelijaribu kwanza. Ningelisema mimi mwenyewe kwenye kikao, kwa sauti, nikiwa na karatasi ya hesabu mkononi.

Lakini hesabu haina safu ya kuandika mtoto anayezima taa akiwa hajamaliza kusoma kwa sababu ameogopa majirani. Nimeitafuta nikakosa pa kuiweka. Sikuambii hama. Ukiniuliza mimi ningefanya nini, hilo ni swali jingine, na jibu lake unalijua tangu nilipofika kwenye globu.

Kabla hujatoa hata shilingi ya dalali, nipigie picha ile risiti ya LUKU ya Kinyerezi unitumie. Nataka nione uniti kwa macho yangu. Na leo usiku wanao wakikaa kusoma, waambie bibi yao amesema taa iwake mpaka wamalize. Mdogo wako anakusalimu, amekuja jana na samaki.

Mama yako,
Kihonda