Re: Vidonge vya kalsiamu vitazuia kizazi kushuka?
Pole dada. Umeuliza kama vidonge vya kalsiamu vitakaza kano za nyonga ili kizazi kisizidi kushuka. Sidhani. Kano hizo zimejengwa kwa kolajeni, aina ya protini, si kwa kalsiamu. Kalsiamu ni ya mifupa zaidi, na misuli huihitaji ili ikaze, lakini hiyo unaweza kuipata kwenye dagaa na maziwa. Tena vidonge vyenyewe huwafungisha choo baadhi ya watu, na kujikamua chooni ndiko kunakosukuma kizazi chini! Afadhali mazoezi: kaza misuli ya chini ya nyonga kama unayezuia mkojo, hesabu hadi 5, achia, mara 10, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi 3 angalau. Ndoo za maji wabebe wengine. Kikichomoza nje, muone daktari wa wanawake. Kuna pete ya kukishikilia, inayowekwa ukeni, si lazima upasuaji.