Nimehudumu miaka yote, mbona anabarikiwa aliyeokoka juzi?

Dada mmoja ameniuliza hivi: "Mchungaji Bwana asifiwe. Niko kwaya tangu nikiwa binti, fungu la kumi natoa, mikesha siachi. Kuna kaka kaokoka juzi tu, alikuwa mlevi kupindukia, saa hizi kila Jumapili anashuhudia, mara kapata kazi, mara kapata mke. Mimi sina hata kimoja. Kama ni neema basi bidii yangu ya nini?"

Amina dada. Swali lako liko Luka 15, ni la kaka mkubwa wa mwana mpotevu, ila wengi tukisoma pale tunaishia kwa mdogo na nguruwe wake, yule aliyechukua urithi wake akautapanya, akaishia kulisha nguruwe, na aliporudi baba akamfanyia karamu. Huyu mkubwa analalamika kwa babake, nimekutumikia miaka mingapi hii na hujanipa hata mwana-mbuzi. Sasa rudi mstari wa 12, baba aliwagawia mali wote wawili, sio mdogo peke yake, na kwa torati (Kumbukumbu 21:17) mzaliwa wa kwanza anachukua mafungu mawili, na mdogo alishaondoka na la kwake, yaani zizi zima lililobaki lilikuwa lake, angechinja siku yoyote! Kwa hiyo kosa lake halikuwa bidii, miaka yote yuko shambani kwao anajiona kibarua anayesubiri kulipwa, na ndo maana hata mdogo wake anamuita "huyu mwana wako", neno ndugu yangu limemshinda.

Na sisi watumishi tumechangia hilo, tusijifiche. Tunasoma bahasha kwa majina, ushuhuda wa gari tunaupigia vigelegele, mama anayedeki kanisa Jumamosi hatajwi, afu tunashangaa waumini wanamdai Mungu.

Bidii usiache. Paulo kwenye 1 Wakorintho 15:10 anasema alifanya kazi kuwazidi wenzake wote na hapohapo anasema wala si yeye bali ni neema ya Mungu pamoja naye. Waefeso 2 nayo watu wanakariri mstari wa 8 na wa 9, kwamba tumeokolewa kwa neema si kwa matendo, wa 10 wanauruka, wakati ndo unasema tuliumbwa tutende matendo mema.

Kazi na mume endelea kuomba, sio dhambi, ila usiviombe kama malimbikizo ya mshahara. Mkesha nao mwili ukichoka lala, hutakatwa kitu. Na yule kaka Jumapili msalimie, muulize anaendeleaje, maana mtu aliyeacha pombe juzi ana vita zake ambazo hasemi pale mbele.