Korseti ikikuuma ujue kuna kitu hakijakaa sawa

Watu wakijua nimevaa korseti swali huwa ni lilelile, sasa humo ndani unapumuaje? Napumua vizuri tu jamani, nakaa kazini, nakula, nainuka, na jioni nikiivua sina alama yoyote zaidi ya mikunjo ya singlendi. Wanaouliza nawaelewa lakini, wengi walishawahi kubanwa na moja ya kuazima kwenye sherehe wakahesabu dakika mpaka iishe, wakatoka hapo wanasema korseti ni mateso. Korseti ya kuazima ni mateso kweli, hiyo sibishi.

Tuelewane kwanza nnazungumzia nini. Ni ile korseti yenyewe, ya kitambaa kigumu kisichovutika, ina vyuma vya kuisimamisha, mbele inafungwa kwa vishikizo vya chuma na nyuma ina kamba. Ule mkanda wa mpira wa kubana tumbo ni kitu kingine kabisa. Na kama lengo ni kuondoa kitambi basi utasikitika, korseti haichomi mafuta, inakubana ukiwa umeivaa basi, anayekwambia vinginevyo ujue anauza.

Haya, saizi. Hapa ndo watu wanapoumia kabla hata hawajagusa kamba, maana wanapima kiuno tu wanaagiza. Unatakiwa upime kiuno (jikunje upande, pale panapokunjika ndo penyewe), chini ya matiti, nyonga, halafu UKIWA UMEKAA pima kutoka chini ya titi mpaka paja linapoanza. Hicho cha mwisho kila mtu anakiruka halafu anashangaa akikaa kwenye kiti korseti inapanda inamsukuma matiti kidevuni. Kwa anayeanza, kiuno cha korseti kipungue kama sentimita 10 hivi kwa kiuno chako, isizidi hapo, ila kwenye mbavu na nyonga isipungue kitu, ikae tu kama imekushika. Mbavu za chini kabisa, zile jozi mbili za mwisho, kwa mbele hazijashikana na kitu, kwahiyo korseti nyembamba juu inazisukuma ndani na hapo ndo unasikia huwezi kuvuta pumzi. Mtu anadhani kabanwa kiuno kumbe kabanwa mbavu.

Halafu angalia kilicho ndani. Ikiwa na vijiti vya plastiki achana nayo kama unataka kuivaa muda mrefu, plastiki ikipata joto la mwili inajipinda, na ikishajipinda inaanza kukuchoma chini ya titi hapo hapo kila ukigeuka. Chuma kinakwenda na mwili.

Sasa kufunga, na hapa naomba usiwe na haraka. Legeza kamba zote nyuma mpaka iwe pana kabisa, jizungushie, funga vishikizo vya mbele uanze na cha pili kutoka juu, kikishika hicho vingine vinafuata vyenyewe. Kama unapigana na vishikizo ujue kamba hujalegeza vya kutosha. Nyuma pale usawa wa kiuno kamba inatakiwa itoke vitanzi viwili, ndo vya kuvutia. Anza juu, vuta kila msalaba wa kamba mmoja mmoja ukishuka mpaka kiunoni, halafu anza chini ukipanda mpaka kiunoni, ule ulegevu wote unakusanyika kwenye vile vitanzi, unavuta kidogo unafunga. Kidogo nimesema! Kaa hivyo kama robo saa, fanya mambo yako, mwili unajipanga wenyewe, ukirudi kwenye kamba utashangaa imelegea bila kuigusa, ndo uvute tena. Jiangalie mgongo kwenye kioo, zile kingo mbili ziende sambamba. Zikiachana chini zikakaribiana juu, nyonga imekubana, legeza huko chini au hiyo korseti si yako.

Ikiwa mpya ivae saa moja au mbili kwa siku ikiwa imelegea, wiki mbili hivi, mpaka kitambaa na vyuma vishike umbo lako. Najua inachosha ila ukiruka hii hatua utaisikia.

Ndani yake vaa kitu cha pamba kisicho na mshono ubavuni, mshono uliobanwa kutwa unauma kuliko korseti yenyewe. Wanawake wa Ulaya wa karne ya 19 walivaa shimizi ndani, ya kufua ni shimizi, korseti inabaki safi. Viatu vaa kabla, maana kuinama utakusahau, kitu kikidondoka unachuchumaa kwa magoti mgongo umenyooka. Kula kidogo kidogo, soda acha, gesi haina pa kwenda inapanda kama kiungulia. Na hili hakuna anayekwambia, chupi vaa mwisho, juu ya korseti, la sivyo chooni utajua hujui.

Kubanwa ni sawa, kuumwa si sawa. Ukisikia ganzi kwenye paja kwa nje, ukingo wa chini unagandamiza mshipa wa fahamu pale kwenye mfupa wa nyonga, legeza sasa hivi usisubiri ufike nyumbani. Kizunguzungu vilevile. Mjamzito asivae, na mwenye ngiri, presha au aliyetoka kupasuliwa amuulize daktari kwanza, mimi sio daktari.

Wakati wa kuvua legeza kamba ndo ufungue mbele, usianze na vishikizo wakati kamba imekaza, vyuma vya mbele vinapinda na kuvinyoosha tena haiwezekani. Mashine ya kufulia usiisogeze karibu, itandaze tu mgongoni mwa kiti ndani ikiangalia nje, jasho likauke mpaka kesho, na kama unaivaa kila siku uwe nazo mbili ziwe zinapishana.