Kabla ya kumtafuta bosi mpya wa klabu, amueni kwanza nani anasaini cheki

Saa nne usiku, sheli ya nje kidogo ya mji. Kosta yetu imeegeshwa pembeni, wachezaji wamelala vichwa vimeegemea vioo. Mtendaji Mkuu wetu, kijana msomi tuliyemtoa Dar es Salaam kwa mbwembwe, amesimama kando ya pampu na suti yake, simu sikioni. Anamwomba Mwenyekiti atume hela ya dizeli. Mwenyekiti yuko kwenye sendofu ya binti wa mdogo wake, na muziki unasikika kwenye simu mpaka kwetu sisi tuliokaa ndani ya gari. "Nitakupigia, bwana," anajibu, kisha simu inakatika. Kijana wa sheli ameshika mpira wa pampu, anatutazama mmoja mmoja kama anayehesabu. Mwisho wa yote kocha alishuka, akatoa hela yake mfukoni, akalipa. Kocha huyohuyo tulikuwa hatujamlipa mshahara kwa miezi mitatu.

Mimi nilikuwa kiti cha mbele, Katibu Msaidizi wa klabu yetu ya mpira, na nilikuwa mmoja wa watu watano waliomfanyia usaili yule bwana. Baada ya safari ile tulimsema sana. Mara hana uzoefu wa mikoani, mara ni mtu wa makaratasi. Alidumu miezi mitano akaondoka, naye akatuachia deni lake kwenye daftari. Ilinichukua muda kukubali kwamba mtu tulimpata, kazi ndiyo hatukumpa.

Nimekaa kwenye jopo la kutafuta Mtendaji Mkuu mara mbili, klabu ileile ya mkoani, tofauti ya mwaka mmoja na nusu. Mara ya kwanza tuliharibu. Mara ya pili tulipatia, ingawa nitakuja kusema mbele kilichotokea. Naandika kwa sababu kila msimu ukikaribia kuisha napigiwa simu na rafiki kutoka klabu fulani: "Kaka, tunatafuta CEO, una mtu?" Swali langu huwa ni moja: huyo mtu akija, atasaini nini?

Chukueni katiba yenu mkaisome leo. Yetu iliandikwa zamani, enzi ambazo Katibu ndiye alikuwa klabu yenyewe: mihuri kwake, barua kwake, jezi zinafuliwa kwake. Upande wa benki watia saini ni Mwenyekiti, Katibu na Mhazini. Cheo cha Mtendaji Mkuu kilichomekwa baadaye, kwa sababu kanuni za leseni za klabu za CAF, shirikisho la soka la Afrika, ambazo TFF, shirikisho la soka la Tanzania, inazisimamia huku kwetu, zinataka klabu iwe na mtendaji, mtu wa fedha, ofisa habari, ofisa usalama na kadhalika. Nitakiri kitu hapa. Fomu ile niliwahi kuijaza mwenyewe, na kwenye nafasi ya mtu wa fedha niliandika jina la kijana aliyekuwa anatunza jezi. Klabu ikijaza fomu namna hiyo, Mtendaji Mkuu naye anakuwa jina la kujazia fomu tu.

Kubadili katiba kunahitaji Mkutano Mkuu, halafu kibali cha Msajili wa Vyama vya Michezo, na hilo halimalizwi kwa wiki mbili. Ila kamati ya utendaji inaweza kukaa jioni moja na kupitisha azimio la kupeleka benki. Sisi mara ya pili tulifanya hivyo kabla hata ya kutangaza nafasi: matumizi yoyote yasiyozidi shilingi milioni tatu, Mtendaji Mkuu na mhasibu wanasaini wenyewe. Dizeli, chakula cha kambini, gesti, maji. Mzee mmoja wa kamati alitoka nje ya kikao kwa hasira siku ile. Baadaye tulimwelewa, maana mafuta ya gari lake binafsi yalikuwa yanatoka kwenye fungu hilohilo.

Baada ya saini, madeni. Yote, kwenye karatasi, na majina. Klabu inayoyumba ina tabia ya kuficha madeni hata yenyewe kwa yenyewe. Kila kiongozi anayajua ya kwake. Tulipoyakusanya tuliwakuta mama wa chakula cha kambi, mwenye nyumba ya wachezaji, dereva, kocha aliyepita, kocha aliyempita huyo, na wachezaji tuliowaacha bila kuwamalizia fedha za usajili. Msiyapange kwa ukubwa. Yapangeni kwa kuangalia lipi linaweza kuwazuia kucheza. Deni la mchezaji ni bomu. Kanuni za FIFA, kifungu cha 14bis, zinasema mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi miwili kinyume cha sheria, anaweza kuwaandikia barua ya kuwapa siku 15, na zikipita hamjalipa ana haki ya kuvunja mkataba. Yeye akiondoka, deni halimfuati, linabaki kwenu. Kwa wa ndani kuna Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, na kwa wa kigeni kesi inapanda mpaka FIFA, ambako adhabu inaweza kufika kufungiwa kusajili kwa madirisha matatu ya usajili mfululizo. Mama wa chakula hana kifungu. Ila akigoma Jumamosi asubuhi mtacheza na njaa.

Sasa usaili wenyewe. Mara ya kwanza yule bwana alikuja na kompyuta yake, tukaazima projekta ya shule ya jirani. Akatuonyesha uwanja wa watu elfu kumi na tano, akademia, duka la jezi, programu ya simu ya kukatia tiketi. Tulipiga makofi. Mwenyekiti alifuta machozi, sitanii. Hakuna aliyemuuliza mwezi ule mshahara utatoka wapi, na haki ya Mungu, sisi wenyewe tulikuwa hatujui.

Mara ya pili waliofika hatua ya mwisho walikuwa wawili. Mmoja kijana mwenye shahada ya uongozi wa michezo, anaongea vizuri, anazijua ligi zote za Ulaya. Wa pili dada mmoja aliyekuwa anasimamia ofisi ya kampuni ya mabasi pale stendi. Mzee wetu mmoja alimtazama akauliza, "Mama, lakini mpira unaujua?"

"Shikamoo mzee wangu," akasema. "Ofsaidi nitaelezwa na kocha. Mimi naomba nione orodha ya wanaowadai."

Tulikuwa nayo. Aliisoma taratibu kama dakika ishirini, sisi tumekaa kimya kama wanafunzi. Halafu akaweka kidole kwenye mstari mmoja ulioandikwa "maandalizi ya nje ya uwanja" akauliza risiti yake iko wapi. Wazee wakatazamana. Anayeujua mpira wa nyumbani anajua fungu lile huwa linakwenda kwa nani, na kwamba mganga hatoi risiti. Hakucheka, alipiga mstari tu kwa kalamu.

Bado kamati iligawanyika, na wengi walimtaka kijana. Wakataja Simba na Yanga, kama kawaida yetu. Kwamba Simba walimchukua Senzo Mbatha kutoka Afrika Kusini mwaka 2019, na Yanga wakamchukua kutoka Simba Agosti 2020. Kwamba Barbara Gonzalez alipokaa kiti hicho Simba walifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2020/21. Kwamba Yanga walimleta Andre Mtine, Mzambia aliyetokea TP Mazembe, na msimu uleule wa 2022/23 wakacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger ya Algeria. Yote kweli. Lakini watu hao waliingia kwenye klabu ambazo mshahara una mtu nyuma yake: Simba tajiri Mo Dewji, Yanga kampuni ya GSM. Kazi yao ilikuwa kuzipangia fedha zilizopo. Yetu ni kuzitafuta zilipopotelea. Ukimchukua mtu kwa kuangalia Msimbazi na Jangwani, makao ya Simba na Yanga, wakati uwanja wako hauna hata choo kinachofungwa, unanunua suti isiyo saizi yako.

Ili kumaliza ubishi tuliwapa jaribio, na katika yote nitakayosema hili ndilo ningeomba mliibe. Tuliwapeleka wote wawili mlangoni siku ya mechi, bila maelekezo. Baada ya siku mbili kijana alileta ripoti ya kurasa nne juu ya taswira ya klabu: rangi, nembo, mitandao ya kijamii. Haikuwa mbaya. Dada yule alileta karatasi moja ya daftari. Alikaa mlango wa jukwaa la mzunguko nusu saa, akahesabu vichwa kwa kuweka vijiti vitano vitano, halafu akaomba vishina vya tiketi vya mlango ule kwa muda ule. Vichwa vilikuwa karibu mara mbili ya vishina. "Hii naifahamu," akasema. "Ni kondakta anayepakia njiani bila kukata tiketi. Mimi nimeishi nao miaka tisa." Ubishi uliishia pale.

Maswali mengine niliyoyaona yanafaa nayataja haraka. Mwombeni kila mmoja bajeti mbili, moja ya Ligi Kuu na moja ya Championship, yaani daraja la chini yake. Mkataba wa haki za matangazo kati ya Azam Media na TFF wa mwaka 2021 ni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, na mgawo huo kwa klabu ndogo ndio uti wa mgongo. Siku mkishuka daraja mnauaga. Asiyeweza kuwaambia nani atapunguzwa mkishuka, hajafikiria. Mkitaka kumjua mtu, msimpigie mwenyekiti wake wa zamani, atawapa sifa za kumwondolea lawama. Mtafuteni dereva, mtunza stoo, mwenye hoteli waliyokuwa wanalala. Nilimpigia mwenye gesti mmoja, akaniambia mambo ambayo barua tatu za utambulisho zilikuwa zimeyafunika.

Na mwogopeni anayekuja na mdhamini mfukoni. "Mkinichukua mimi, kampuni fulani inaingia." Inawezekana ni kweli, lakini mtakuwa mmeajiri mkataba, na mikataba hukatika. Waulizeni Gor Mahia na AFC Leopards za Kenya: SportPesa, kampuni ya kubashiri, ilipofuta udhamini wake Kenya Agosti 2019, kwenye mvutano wa leseni na kodi, klabu zote mbili zilipoteza mdhamini mkuu kwa tangazo moja.

Wakati wa kuajiri nao ni jambo. Sisi yule wa kwanza tulimwajiri Januari, katikati ya dirisha dogo la usajili, timu iko mkiani. Akarithi wachezaji asiowasajili, kocha asiyemteua na mashabiki wenye hasira. Kama mnaweza kuvumilia, mwacheni aliyepo akaimu mpaka ligi iishe, mpya aanze Juni na usajili wake.

Kwenye mkataba wake, msimpe bonasi ya ushindi. Ukimlipa bosi kwa magoli atashinda mazoezini akimwambia kocha nani acheze. Wetu tulimfungia bonasi kwenye madeni: kila deni la mchezaji linalofutwa kwa maandishi, kuna kitu chake. Awajibike kwa mtu mmoja, Mwenyekiti au kamati, siyo kwa kila mjumbe mwenye namba yake. Na tafadhali msimwingize kwenye magrupu ya WhatsApp ya matawi. Yule wa kwanza alikuwa kwenye kumi na moja. Nilimkuta usiku wa manane anajibu matusi ya mtu anayejiita Simba wa Yuda.

Nilisema nitaeleza yaliyotokea. Tulishuka daraja. Dada yule alikuwa na msimu mmoja tu, madeni yalikuwa makubwa, na mechi mbili za mwisho tulifungwa magoli ya dakika za jioni. Kuna waliotaka afukuzwe wiki ileile. Lakini tulishuka kesi za wachezaji zote zimefungwa, na dirisha lilipofunguliwa tulisajili kama watu wengine. Mama wa chakula alikuwa amemaliziwa deni la miaka miwili, akaanza kutuletea na matunda.

Ninachokikumbuka zaidi ni mechi ya tatu ya nyumbani tangu aanze. Alikuwa ameandika orodha ya wanaoingia bure, majina kumi na nane, akaibandika mlangoni. Hapo zamani msafara wa Mwenyekiti pekee ulikuwa unajaza benchi mbili. Mwenyekiti akafika na wageni wake sita, wajomba na mashemeji, na kijana wa mlangoni, anatetemeka, akamwonyesha karatasi. Jina la Mwenyekiti lilikuwepo. Ya wageni hayakuwepo. Nilikuwa nimesimama hatua tatu pembeni, nikijifanya nasoma simu. Mzee akatazama karatasi, akatazama jukwaani alikokuwa amekaa yule dada na daftari lake. Akatoa noti mbili za elfu kumi, akahesabiwa tiketi sita za elfu tatu tatu, akapokea chenji yake, akaihesabu mara mbili.

Halafu akamuuliza kijana, "Na kishina changu kiko wapi?"