Fungate ya ng'ambo: hoteli ya malipo jumuishi au safari ya kujipangia?

SWALI: Nakuandikia kutoka Ujiji, Kigoma. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mchumba wangu anafanya biashara ya dagaa pale Kibirizi. Tutafunga ndoa mwezi Januari, na tumekubaliana na wazazi wa pande zote mbili kwamba sherehe iwe ndogo ili fedha itakayobaki itupeleke fungate nje ya nchi kwa wiki moja. Tumechagua Maldives. Tatizo ni kwamba mchumba wangu anataka tukate tiketi wenyewe, tufikie nyumba ya wageni ya kawaida na tule wanapokula wenyeji, ilhali shangazi yangu ananisisitiza nisikubali, kwa kuwa bibi harusi hapaswi kuhangaika na mizigo wala kutafuta chakula. Anataka tulipie hoteli ambayo chumba, milo mitatu, vinywaji na michezo vyote vimo ndani ya bei moja. Sisi sote wawili hatunywi pombe, na hakuna kati yetu aliyewahi kusafiri nje ya nchi kwa ndege. Tumsikilize nani?
Bibi harusi mtarajiwa, Ujiji

JIBU: Binti yangu, hongera kwa ndoa, na hongera zaidi kwa kuwashawishi wazazi wakubali sherehe ndogo, jambo ambalo si jepesi katika miji yetu. Nitasema msimamo wangu tangu mwanzo: kwa watu wa hali yenu, na kwa nchi mliyoichagua, hoja ya mchumba wako ina uzito zaidi. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo shangazi ameliona vizuri kuliko yeye, nami nitalifikia.

Mtindo wa kulipia kila kitu kwa pamoja ulienezwa na Club Med, iliyoanzishwa mwaka 1950 na Mbelgiji Gérard Blitz, aliyefungua kijiji chake cha kwanza cha mapumziko katika kisiwa cha Majorca, Hispania. Shabaha yake ni kwamba mtu alipe mara moja kabla ya kuondoka kwake, kisha asiwaze tena bei ya chakula wala ya mchezo mpaka arudi. Kwa bibi harusi aliyetoka kwenye wiki za kicheni pati, sendofu na wageni wasiokwisha, pumziko la namna hiyo lina thamani, na shangazi hakukosea kulitaja. Lakini iangalieni bei yenyewe. Hoteli nyingi huuza pia chumba pamoja na milo mitatu bila vinywaji, na ukilinganisha bei hiyo na bei ya kila kitu utaona kwamba sehemu kubwa ya tofauti ni pombe. Ninyi hamnywi. Mtakapolipia kila kitu mtakuwa mnachangia bia na mvinyo wa wageni wa meza ya pili, kisha ninyi mkaishia kwenye juisi na maji.

Umbile la nchi nalo linaamua mengi kuliko hulka ya msafiri. Maldives ni visiwa vya matumbawe vipatavyo 1,200, na wenyeji wanaishi katika visiwa 200 hivi tu. Hoteli kubwa hujengwa kwa utaratibu wa kisiwa kimoja, hoteli moja. Ukishashushwa pale hakuna duka la jirani, hakuna mama lishe, wala hakuna boti ya kukuvusha kwenda kununua maji ya chupa mahali pengine, kwa hiyo kila unachokula na kunywa ni cha hoteli na kwa bei ya hoteli. Ndiyo maana ninasema bila kusita kwamba anayekwenda kwenye kisiwa cha hoteli alipie angalau milo yote mitatu kabla hajafika. Wanaojidanganya ni wale wanaochukua chumba peke yake kwa kuona bei imeshuka, halafu wakalipia kila sahani kwa dola.

Hebu tuisome bei moja ya mfano kama inavyoandikwa kwenye matangazo. Chumba ni dola 300 kwa usiku, na mbele ya tarakimu kuna alama mbili za kujumlisha. Alama ya kwanza ni tozo ya huduma, ambayo ni asilimia 10, kwa hiyo 300 inakuwa 330. Ya pili ni kodi ya bidhaa na huduma za utalii, ambayo tangu Julai 2025 ni asilimia 17, nayo inatozwa juu ya 330, si juu ya 300. Tunafika dola 386 na senti 10. Inafuata kodi ya mazingira, ambayo tangu Januari 2025 ni dola 12 kwa kila mtu kwa kila usiku katika hoteli za visiwani, yaani dola 24 kwenu wawili. Chumba cha dola 300 kimekuwa cha dola 410 na senti 10, na kwa siku tano tofauti hiyo inapita dola 550. Bado hatujagusa usafiri wa kutoka uwanja wa ndege. Kama hoteli iko mbali na mji mkuu, Malé, mtapelekwa kwa ndege ndogo inayotua majini, ambayo nauli yake ya kwenda na kurudi hufikia mamia ya dola kwa kila mtu na mara nyingi haimo ndani ya hiyo bei inayoitwa ya kila kitu. Ndege hizo haziruki usiku, hivyo anayetua Malé jioni hulala karibu na uwanja kwa gharama yake mwenyewe mpaka kuche. Kwa sababu hiyo, mtu akikupa bei ya hoteli ya Maldives, muulize kwa maandishi bei ya mwisho pamoja na tozo, kodi zote na usafiri wa kufika kisiwani. Asipoijibu, achana naye.

Sasa tuje kwenye njia ya mchumba wako. Hadi mwishoni mwa miaka ya 2000 njia hiyo haikuwepo kabisa, kwani watalii hawakuruhusiwa kulala kwenye visiwa vya wenyeji. Sheria ilipolegezwa, nyumba za wageni zikafunguliwa, na kisiwa cha Maafushi, kilicho kusini mwa Malé kwa mwendo usiofika saa moja wa boti ya kasi, kikawa maarufu kuliko vingine. Asilimia za tozo na kodi ni zilezile, lakini zinakokotolewa juu ya bei ndogo, na kodi ya mazingira kwa nyumba za wageni zenye vyumba visivyozidi 50 ni dola 6 badala ya 12.

Jambo linalowasumbua watalii wengi kwenye visiwa hivyo kwenu litakuwa faraja. Maldives ni nchi ya Kiislamu, pombe ni marufuku kabisa kwenye visiwa vya wenyeji, chakula chote ni halali, na msikiti uko hatua chache kutoka mlango wa nyumba ya wageni. Asubuhi mtaletewa mas huni, yaani jodari aliyechambuliwa na kuchanganywa na nazi iliyokunwa, kitunguu, pilipili na ndimu, akiliwa kwa roshi, mkate mwembamba wa kukandwa na kupikwa juu ya chuma kama chapati. Mtu aliyekulia kwenye migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika hatahitaji kufundishwa kula chakula hicho. Mavazi nayo hayatakutatiza: wanawake hutakiwa kufunika mabega na mapaja wanapopita mitaani, na sehemu ya ufuko imetengwa kwa ajili ya wageni wanaotaka kuogelea kwa mavazi ya kizungu. Mwezi mliouchagua ni mzuri, kwa sababu kuanzia Desemba hadi Aprili huvuma kaskazi, upepo uleule unaojulikana na mabaharia wa pwani yetu, nayo mvua huwa kidogo. Ubaya wake ni kwamba ndio msimu wa bei kubwa, kwa hiyo msichelewe kuweka nafasi.

Shangazi yuko sahihi kuhusu siku ya kufika. Hakuna kinachoiharibu fungate mapema kama wawili waliochoka kusimama kwenye gati la nchi ya ugenini, wakiwa na mabegi, wakibishana juu ya boti. Zaidi ya hayo, siku ya Ijumaa boti za umma zinazounganisha visiwa hazifanyi kazi, na boti za kasi hupungua. Msifike Ijumaa. Iandikieni nyumba ya wageni mapema, mkiitajia namba ya ndege yenu, na muombe mtu awapokee uwanjani na kuwakatia boti. Huduma hiyo ni ya kawaida kwao. Siku moja katikati ya wiki nendeni mkaione hoteli ya kifahari kama wageni wa mchana, kwani baadhi ya hoteli hupokea wageni hao kwa kiingilio kinachojumuisha chakula cha mchana, bwawa la kuogelea na ufuko, na nyumba za wageni ndizo zinazowapangia. Hapo shangazi atapata picha za kuwaonyesha majirani, nanyi mtakuwa mmelipia siku moja badala ya saba.

Kuhusu kuingia nchini, raia wa karibu mataifa yote hupewa viza ya siku 30 bila malipo wanapofika, mradi wawe na tiketi ya kurudi, uthibitisho wa malazi na fedha za kutosha, na wawe wamejaza fomu ya mtandaoni iitwayo IMUGA ndani ya saa 96 kabla ya safari. Pasipoti ni shilingi 150,000 kwa kila mmoja, na namba ya NIDA ni lazima, kwa hiyo nendeni ofisi ya Uhamiaji ya mkoa miezi kadhaa kabla. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kuondoka. Cheti chake siku hizi kinatumika maisha yote, na nchi nyingi humdai msafiri anayetoka ukanda wetu. Bebeni dola safi, zisizochakaa wala kuchorwa.

La mwisho kwenu linahusu Kigoma yenyewe. Tiketi ya Kigoma hadi Dar es Salaam mkiikata mbali na ile ya kwenda nje, shirika la pili halina wajibu wowote kwenu iwapo ndege ya kwanza itachelewa au kuahirishwa. Laleni Dar es Salaam usiku mmoja kabla ya safari kubwa, na kama mnashuka kwa treni, weka siku mbili.

SWALI: Mimi ni kijana wa Tabora mjini, nitaoa mwezi Agosti na tunakwenda Mauritius. Wakala anatushauri tulipie hoteli ya kila kitu kwa siku saba, na anataka tiketi ya mwenzangu iandikwe kwa jina langu la ukoo kwa kuwa atakuwa mke wangu. Pasipoti yake ina jina la baba yake. Je, ni sawa?
Bwana harusi, Tabora

JIBU: Jina kwanza, maana hilo ndilo litakalowazuia uwanjani. Tiketi iandikwe kama pasipoti inavyosema, herufi kwa herufi. Mwenzako asafiri kwa jina la baba yake, na habari ya kubadili jina mtaishughulikia mkisharudi.

Kuhusu hoteli, usichukue ushauri niliompa dada wa Ujiji juu ya visiwa vya hoteli ukauhamishia Mauritius, kwa sababu Mauritius ni kisiwa kikubwa chenye miji, masoko, mabasi ya bei nafuu na barabara ambazo magari hupita kushoto kama kwetu, hivyo mwenye leseni anaweza kukodi gari bila kuchanganyikiwa. Watanzania huingia bila viza. Ukilipia milo yote mitatu pale, kila mtakapotoka kutwa mtakuwa mmekiacha chakula mlichokwisha kulipia, na mtavutwa kurudi hotelini saa saba mchana ili msipate hasara. Omba kifungua kinywa na chakula cha jioni tu, kwa kuwa mabasi huisha mapema jioni na ni vyema mlo wa usiku uwe hotelini. Mchana kuleni dholl puri mnapotembea soko kuu la Port Louis; ni mkate laini wa dengu unaouzwa vibandani ukiwa wa moto. Tengeni siku nzima kwa ajili ya kusini-magharibi, mkaone maporomoko ya Chamarel na mlima wa Le Morne, ambako watumwa waliotoroka, wengine wakiwa wametolewa bara letu hili la Afrika, walijificha katika karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19. UNESCO iliuingiza mlima huo katika urithi wa dunia mwaka 2008, na kwa mtu aliyezaliwa Tabora, mji uliopitiwa na misafara ya pembe na watumwa, sioni sababu ya kufika karibu hivyo kisha akabaki kwenye kiti cha bwawani.

Agosti ni majira ya baridi huko, na pwani ya mashariki hupigwa na upepo. Chagueni hoteli ya kaskazini au magharibi, kama vile Grand Baie au Flic en Flac, na mchukue sweta za jioni. Kabla hujamlipa wakala, mwambie akupe namba ya uthibitisho wa chumba, kisha uiandikie hoteli wewe mwenyewe kwa barua pepe, ukiuliza kama nafasi hiyo ipo, kwa majina gani, na milo ipi imelipiwa. Hata kama wakala anakuharakisha, usitume fedha kwenye namba ya simu ya mtu binafsi kabla hoteli haijakujibu.