Mzee Aliyenusa Ua

Mwanangu,

Umeitazama Plan 9 from Outer Space, filamu ya Ed Wood iliyotangazwa mwaka 1980 kuwa mbaya kuliko zote, na sasa unaniuliza: Wood alimpenda mzee Bela Lugosi, au alilitumia jina lake tu? Najua swali limetoka wapi. Maneno ya watu juu ya yule mzee wa maigizo uliyempa nafasi katika filamu yako hayakulazi.

Lugosi alikuwa Mhungaria, mzaliwa wa 1882. Mwaka 1931 aliigiza Dracula, yule mfu mnyonya damu, na tangu hapo Hollywood haikutaka tena kumwona katika sura nyingine. Kazi zikaadimika. Maumivu ya mguu yakampeleka kwenye mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, na mofini ikamshika. Wood alipokutana naye, mzee alikuwa anaingia miaka 70, na kijana hajafika hata 30. Mmoja ana jina hana kazi, mwingine ana hamu ya kazi hana jina. Kwa hiyo ndiyo, alilihitaji jina lile, na kwenye matangazo aliliweka mbele. Sikufichi hilo.

Lakini utazame mwaka 1955. Lugosi alijipeleka mwenyewe hospitali ya serikali kule California, akakiri hadharani kwamba dawa zimemshinda, jambo ambalo mwigizaji wa enzi zile alilificha mpaka kaburini. Wood akafanya onyesho la filamu yao, Bride of the Monster, liwe la kumchangia mzee. Miezi kama mitatu baadaye, Lugosi alipotoka, alikuwa na la kuwaambia waandishi wa habari: Wood amemwandikia filamu mpya. Haikutengenezwa. Hata hivyo mwanangu, mtu wa miaka 72 ametoka wodini na kuna mtu anamngoja na mswada mkononi! Hapo mimi husimama nikafikiri sana.

Mwaka uliofuata, mwezi Agosti, alifariki, akazikwa na joho la Dracula. Wood alikuwa amebaki na dakika chache za picha zisizo na sauti. Akazijengea filamu nzima, ndiyo hiyo Plan 9 uliyoitazama, na palipopungua akamvalisha joho tabibu wa viungo aliyekuwa akimtibu mke wa Wood, mtu mrefu kuliko marehemu, akijiziba uso kwa mkono. Watu hucheka hapo. Mimi huona mtu aliyeshindwa kukubali kwamba rafiki yake hatarudi. Mwana wa Lugosi amemlaumu Wood kwa kumtumia baba yake, na siwezi kumwambia amekosea, maana baba ni wake. Ila naona upendo na haja vilikuwamo pamoja, na kimoja hakikukifanya kingine kuwa uongo.

Rudia pale mzee anapotoka nyumbani na kofia yake na fimbo. Anachuma ua, analinusa. Hasemi neno. Ni dakika ya kweli katikati ya visahani vya wageni wa anga za juu, vya kuning'inizwa kwa uzi, na aliyekuwa nyuma ya kamera alimpa mzee nafasi ya kutosha, hakumharakisha.

Sasa wewe. Umemlipa kama mlivyopatana? Unakwenda kwake siku ambazo hakuna kupiga picha? Umekaa naye akajiona alivyotoka kwenye picha, akakwambia kipi kimempendeza na kipi kiondolewe? Haya usiyajibu kwangu. Nenda kwake jioni moja bila kamera, umuulize yeye mwenyewe, kisha unyamaze umsikilize hata akichukua muda.

Na ukifika umpe shikamoo yangu. Mwambie nilimwona jukwaani nikiwa na mimba yako ya miezi saba, akiigiza baba anayemtafuta mwanawe sokoni. Baba yako alilia mpaka akaniazima khanga ajifute machozi.

Mama yako