Mtoto wa miaka miwili hatulii na kitabu

Dadangu, nimekuelewa. Binti yako ana miaka miwili, ukimfungulia kitabu anakimbia au anakirarua, nawe unarudi kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, na boti ya jioni umechoka hoi.

Usitafute saa nyingine ya kusoma. Tumia zile mlizo nazo. Mimi wangu nilianza kumsomea baada ya kuoga, nikimkausha nywele: kurasa mbili tatu, basi. Akiondoka, mwache aende. Ukimshika kwa nguvu atakichukia kitabu.

Wala si lazima usome maneno yote. Muulize, "Punda yuko wapi?" Akionyesha, mjibu: "Ndiyo, punda amebeba mawe." Kesho akipita punda wa kweli kichochoroni, mkumbushe yule wa kitabuni. Hapa Amu, yaani Lamu, hilo halina shida, punda ni tele! Wangu alianza kukimbilia kitabu mwenyewe baada ya kuona mashua ya kitabuni ikifanana na zile za gatini.

Bibi yake je? Hata kama hajui kusoma, mpe kitabu asimulie picha kwa Kiamu chake. Mtoto atafaidi sana.

Nunua chenye kurasa ngumu za kadibodi. Kipande kikichanika, kiondoe haraka, kisije kikamkaba koo.

Lakini kama bado haungi maneno mawili, mfano "mama maji", au hageuki ukimwita, mpeleke kliniki apimwe masikio. Usingoje eti atasema akikua.